Taa ya Matumbawe ya Baba Sophie

Phyllis Wamucii wa Gakindu hana muda wa kumbembeleza mtu. Ukiingia kwenye nasari yake ya miche ya kahawa ukikanyaga ovyo, atakutoa mbio. Ukimwambia miche yake ni midogo, atakuuliza kama wewe ulizaliwa na ndevu. Lakini huko Mukurweini, kaunti ya Nyeri, mtu akitaka mche wa kahawa ambao hautamfia shambani, ni kwake huyo huyo anakoenda. Anatukanwa kidogo, anavumilia, anabeba miche yake na kurudi nyumbani akiwa ameridhika.

Sasa mama huyu, aliyezoea samadi na jembe, sebuleni kwake ana bahari. Si picha, jamani. Ni tangi la kioo, refu kama kitanda, lenye maji ya chumvi na samaki wawili wa rangi ya machungwa, na chini yao matumbawe yaliyo hai. Mengine yana vidole vinavyopunga majini, mengine yamejikunja kama ngumi na hufunguka taa ikiwaka. Mgeni wa mara ya kwanza huisahau chai yake mpaka ipoe.

Bahari hiyo ni ya mumewe, Moffat. Moffat alikuwa fundi wa pampu na majenereta kwenye hoteli moja ya Diani, akakaa pwani miaka mingi mpaka Kiswahili chake kikawa cha kuimba. Hoteli ilipofungwa, wenzake waliomba friji na magodoro. Yeye akaomba tangi lililokuwa pale mapokezi. Likafungwa kwa mablanketi, likapandishwa lori, likaletwa mpaka Gakindu, na Phyllis akalipokea akiwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Umetuletea jeneza ya kioo," alisema.

"Ngoja uone," Moffat akamjibu.

Alinunua vipande vya matumbawe kwa mfanyabiashara mmoja wa Nairobi mwenye leseni, anayeviotesha mwenyewe, kila kipande kama kidole gumba. Akavilea. Alichuja maji ya mvua, akapima chumvi, akafunga taa za tyubu juu ya tangi. Tyubu hizo kwa sura ni zile zile tunazoziona madukani na mashuleni, ila zake zilikuwa za aina ya pekee, nyingine nyeupe, nyingine za buluu, kwa sababu, alisema, matumbawe hula mwanga. Phyllis alikataa kata kata. Mawe yanakulaje mwanga? Ndipo Moffat akamweleza kwamba tumbawe si jiwe, ni kiumbe, na ndani yake mna vijimea visivyoonekana kwa macho. Vijimea hivyo ndivyo vinavyolitia rangi, na ndivyo vinavyolipikia chakula kwa mwanga, vile jani la kahawa linavyofanya kwa jua.

"Basi na wewe uko na nasari," Phyllis akamwambia. Tangu siku hiyo hakulitukana tena tangi.

Kisha kiharusi kikamwangusha Moffat, asubuhi moja, kikombe mkononi. Upande wa kulia ukalala. Maneno nayo yakamtoka yote, likabaki moja tu, na hakuna ajuaye kwa nini likabaki hilo: Jumatatu. Akitaka maji, Jumatatu. Akiumwa na mgongo, Jumatatu. Akimwona Sophie, binti yao, akishuka garini kutoka Nairobi, anatokwa na machozi na kusema Jumatatu, Jumatatu.

Watu ni watu. Kwanza walimhurumia, halafu wakamzoea, halafu wakaanza kumpita kwa macho kama kabati. Mgeni anaingia, anamuuliza Phyllis, "Mzee anakula?" na mzee mwenyewe amekaa pale pale, anasikia. "Mzee analala vizuri?" Na tusimpambe Phyllis, naye alifika huko. Alimwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani, akamsukuma kwa kiti chake cha magurudumu mpaka sebuleni, na yote hayo aliyafanya akiongea na simu, akiongea na kuku, akiongea na Mungu. Ila na Moffat mwenyewe, Phyllis aliongea kidogo sana. Utaongea nini na mtu anayekujibu Jumatatu?

Kitu kimoja tu ndicho kilichomwonyesha kwamba mtu yumo ndani bado. Asubuhi, taa za tangi zikiwaka na yale matumbawe ya vidole yakaanza kujinyoosha, macho ya Moffat yaliamka. Yalikuwa macho yake ya zamani, ya fundi, yanayofuata kila kiputo. Phyllis alikuwa akisimama na ufagio wake anayatazama macho hayo, si tangi. Na moyoni alijisemea bila kuzunguka: haya matumbawe yakifa, Baba Sophie naye ananifia.

Kwa hiyo tyubu moja ilipoanza kupepesa, ncha zake zikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni, hakukawia. Alimwita Hezekiah, fundi wa stima wa hapo sokoni.

"Mama Sophie, hii imeisha," Hezekiah akasema, juu ya kiti, shingo ameipinda. "Na hizi zingine pia ziko karibu. Inawaka, eeh, lakini nguvu hakuna. Macho inakudanganya kwa sababu inapungua pole pole."

"Basi weka zingine."

"Za hii aina? Nyeri hakuna. Karatina hakuna. Watu walihamia LED, mama. LED hailambi stima, inakaa miaka, na stima ikipotea unaishikanisha na betri. Ile siku tulikaa giza mpaka jioni si ulikuwa unalia hapa?"

"Sikulia."

"Haya, haukulia."

Phyllis alijua jambo ambalo Hezekiah halijui. Moffat, siku zake za kuongea, alikuwa hataki kusikia habari za LED. Aliziita taa za disko. Tyubu, alikuwa akisema, inamwaga mwanga kila mahali kwa upole, kama mawingu yetu ya Julai, na kila kipembe kinapata chake. LED inapiga mahali pamoja kama tochi ya polisi, na mtu asiyejua kuitumia ataua kila kitu. Hayo yalikuwa maneno yake.

Phyllis akaenda Nyeri mjini mwenyewe, duka hadi duka, tyubu mbovu imefungwa gazeti kwapani. Muuzaji mmoja akamletea tyubu ya kawaida ya dukani, akamwambia achukue tu, mwanga ni mwanga. Phyllis akamuuliza kama na yeye nyumbani hupikia chai maji ya betri, kwa vile maji ni maji. Akatoka hapo bila tyubu, na miguu inamuuma.

Aliporudi alimpigia tena Sophie simu. Sophie alikuwa ameshamwendea yule mfanyabiashara wa Nairobi. Tyubu zinaweza kuagizwa ng'ambo, alisema, lakini hakuna ajuaye zitafika lini. LED iko dukani leo.

"Mami, chukua LED tu. Hata hizo tyubu zikikuja, zitaisha tena, na hiyo time hautazipata kabisa."

"Baba yako hakuzipenda."

"Lakini Mami, Baba sasa..." Hakumalizia, na Phyllis hakumwomba amalizie. "Wewe ndio unaamua siku hizi," binti akasema taratibu.

Moffat alikuwa amekaa hapo hapo, hatua moja kutoka kwenye simu, amekaza macho kwenye ile tyubu inayopepesa. Phyllis akampa mgongo. Akasema, "Haya, tuma LED."

Ikafika kwa kifurushi, nyembamba, inang'aa, na vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha mwanga mweupe, kingine cha buluu. Hezekiah akaifunga na kuishikanisha na betri. Ilipowaka, Phyllis akafanya kile ambacho mama yeyote wa Nyeri aliyewahi kulea vifaranga angefanya: akaweka kiganja chini ya taa apime joto. Kwake, balbu ya vifaranga isiyochoma kiganja ni balbu ya kuua vifaranga. Hivyo ndivyo alivyozijua taa maisha yake yote.

"Hii mbona ni baridi?" akauliza.

"LED haichomi, mama."

"Sasa nguvu iko wapi? Hii hata kifaranga moja haiwezi kupasha." Akashika vitufe vyote viwili, akavizungusha mpaka mwisho.

"Jumatatu!" Moffat akasema kwenye kiti chake. "Jumatatu! Jumatatu!"

"Leo ni Alhamisi, Baba Sophie. Tulia basi."

Mwanzoni tangi lilipendeza, acha. Maji yalimeremeta mpaka ukutani. Halafu rangi zikaanza kupauka. Lililokuwa la hudhurungi likawa la maziwa, lililokuwa la kijani likawa kama ganda la yai, na mwishowe matumbawe karibu yote yakawa meupe pepe. Na hapa lazima umwelewe Phyllis. Sisi wa huku juu, tumbawe tunalijua jeupe. Ndilo wanafunzi wanalorudi nalo kutoka safari ya Mombasa, ndilo linalowekwa juu ya kitambaa cha kushonwa kando ya televisheni. Aliyatazama yakiwa meupe, akadhani taa mpya imeyasafisha.

Akina mama wa kanisa walipokuja kumwona mgonjwa, Beth, mwenyekiti wao, alisimama mbele ya tangi na kupiga makofi.

"Ai, Mama Sophie! Sasa hii ndiyo maua ya bahari. Zamani zilikuwa chafu chafu. Kweli wewe ni msafi!"

Phyllis akatabasamu, nani hapendi kusifiwa? Moffat akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaupiga kwenye tegemeo la kiti kwa nguvu mpaka chai ya Beth ikamwagika.

"Jumatatu!"

"Mzee amechoka," Beth akasema, akimwambia Phyllis. "Si mumpeleke alale?"

Nao wakamsukuma chumbani, wakafunga mlango, wakarudi kumaliza mandazi. Wakamtoa mtu mbele ya tangi lake mwenyewe. Na kuanzia hapo Moffat akakataa chakula. Kijiko kikija, anafunga mdomo. Uji, hataki. Hata viazi vya Mweiga vilivyopondwa na siagi, alivyokuwa akivipenda tangu ujana, anageuza uso.

Phyllis akaogopa. Asubuhi moja alipiga magoti mbele ya kioo na kutazama vizuri, si kama mama msafi, kama mtu wa nasari. Vidole havikuwa vikipunga. Vilikuwa vimenywea. Tumbawe la ngumi lilikuwa na ute pembeni, na kipande kimekatika na kulala mchangani. Hiki si kitu kilichosafishwa, akajiambia. Hiki kinakufa.

Akapunguza taa kidogo, akaongeza, akapunguza. Akamwita Hezekiah arudishe zile tyubu za zamani, na Hezekiah akamwonyesha kwamba mbili zimeshakufa kabisa. Alipoondoka Hezekiah, Phyllis akalipuka. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na mumewe.

"Unataka nini? Eeh? Umekasirika kwa sababu nilitoa taa yako? Tyubu hakuna! Nimezunguka Nyeri yote mpaka miguu ikavimba! Mimi ndiye naosha, mimi ndiye napika, mimi ndiye naamua, na hata sijui kama naamua vizuri, na wewe umefunga mdomo! Unataka kuniacha na nani, Moffat?"

Hapo akalia. Alilia vibaya, kamasi na yote, tangu Moffat alipolazwa hospitali hakuwa amelia hivyo. Alikuwa ameolewa naye miaka yote hiyo, na alikuwa na hamu naye kuliko alivyojua.

Moffat akamshika kifundo cha mkono. Akamvuta. Kwa kidevu akaonyesha mlango.

"Nje? Unataka nje?"

Akamvuta tena. Phyllis akajifuta kwa leso yake ya kichwa, akamsukuma nje, kwenye jua, akipita kuku na pipa la maji. Kila alipotaka kusimama, Moffat alionyesha mbele, mpaka wakafika kwenye nasari. Hapo miche midogo imepangwa kwenye mifuko yake ya plastiki, na juu yake imetandikwa neti nyeusi ya kivuli, imefungwa kwenye vigingi. Moffat akanyoosha mkono wa kushoto, akashika pembe ya neti, akaivuta kwa nguvu zake zote mpaka ikafunguka.

"Miche yangu! Baba Sophie, miche itaungua!"

Hakusikia, au alisikia na hakujali. Aliivuta ile neti, akajifunika nayo kichwa na uso, akakaa hivyo, mzee mzima ndani ya neti kama bi harusi. Phyllis akacheka kabla hajajizuia. Halafu Moffat, akiwa bado amejifunika, akanyoosha kidole kuelekea nyumbani, kwenye dirisha la sebule, na kicheko kikamkauka Phyllis mdomoni.

Miche itaungua. Amesema mwenyewe sasa hivi, kwa mdomo wake. Ni yeye anayewafukuza wateja wanaotoa mche kivulini na kuutupa juani siku hiyo hiyo. Ni yeye anayewaimbia kila msimu: punguza kivuli kidogo kidogo, mche uzoee, la sivyo jani litababuka na usinirudie hapa na machozi. Zile tyubu zilikuwa zimefifia muda mrefu bila yeye kujua, na matumbawe yakazoea kivuli chao. Kisha akayafungulia jua la saa sita kwa siku moja. Ile taa ilikuwa baridi kwenye kiganja chake, lakini majini ilikuwa kali kuliko tyubu zote. Vijimea vikashindwa, vikatoka, na rangi na chakula vikaondoka navyo.

"Nimechoma miche yako," akasema.

"Jumatatu," Moffat akajibu polepole, akaitoa neti usoni.

Phyllis akapiga magoti kwenye tope, yeye ambaye hataki mtu akanyage nasari yake ovyo. "Na ulikuwa unaniambia," akasema. "Tangu ile siku nilizungusha vile vitufe. Ulikuwa unaniambia wakati huo wote, na mimi nakuhesabia siku za wiki. Nisamehe, Moffat."

Akamgusa shavu. Moffat alikuwa akimtazama yeye sasa, kwa macho yale yale aliyokuwa akilitazamia tangi.

Walikata kipande cha neti, wakakikunja mara kadhaa, wakakitandika juu ya kioo, na vitufe vikarudishwa chini kabisa. Mchana huo Moffat alikula viazi, akaongezewa. Tangu hapo, kabla ya kutoa mkunjo mmoja wa neti, Phyllis alimsogeza Moffat karibu na tangi na kumuuliza. Moffat akiinua kiganja, unatoka. Akikilaza pajani, unabaki. Mara nyingine Phyllis aliona mambo yameiva na Moffat akakilaza kiganja, wakanuniana mpaka jioni kama wanandoa wa kawaida, na mkunjo ukabaki.

Si yote yaliyopona. Tumbawe la ngumi lilikufa, likanuka, Phyllis akalitoa mwenyewe na kuosha mikono akiwa amenuna. Mengine madogo nayo yakaenda. Lakini lile la vidole, kubwa kuliko yote, lilianza kurudisha hudhurungi kutoka shinani, kidogo kidogo, na asubuhi moja Phyllis akiwa na ufagio wake akaliona limepunga. Alipiga ukelele uliomleta Beth kutoka barabarani akidhani kuna msiba.

Sophie alipokuja likizo, nyumba ilijaa. Hezekiah alikuwapo, amepita kuangalia betri, na Beth naye alikuwapo kwa sababu ya chapati. Sophie akasimama mbele ya tangi akaona neti bado iko juu ya kioo, imebaki nyepesi, mkunjo mmoja.

"Mami, si hii sasa tuitoe?" akapaza sauti kuelekea jikoni. "Naona zimepona."

Phyllis akatokea mlangoni, mwiko mkononi. "Unaniuliza mimi?"

"Si wewe ndio huamua?"

"Mimi naamua mambo ya kahawa. Hiyo tangi iko na mwenyewe, na amekaa hapo."

Sophie akamgeukia baba yake. Alikuwa amempiga busu alipofika, amemnyoosha kola, amemfuta kidevu, na hakuwa amemwambia neno. Uso ukambadilika. Akavuta kigoda, akakaa chini mpaka macho yao yakalingana.

"Baba," akasema. "Unaonaje? Tuitoe?"

Moffat akaanza kulitazama tangi. Alianza upande wa pampu, akalipitia lile la vidole, akashuka mpaka kwa yale madogo ya mchangani, bila haraka yoyote. Beth akakohoa. Hezekiah akashindwa kuvumilia.

"Nafikiri mzee anasema—"

"Hezekiah!" Phyllis akamwelekezea mwiko. "Nani amekuuliza? Ameulizwa yeye."

Phyllis akaacha chapati ziungue jikoni, akaja akasimama pamoja na wengine, na wote wakamngoja Moffat aamue.